Waliobaki Ghorofani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Paa la ofisi linavuja juu ya meza ya karani, na karani amehamishia chai yake kwenye meza yangu. Picha mpya ya rada imeingia. Nitaanza kuichambua kesho.

Jumanne, 4 Machi

Watoto wa dada yangu wakiniuliza kazini nafanya nini, huwaambia naangalia kama jiji linazama. Wao hucheka, wanadhani mama mdogo anatania.

Setilaiti hupita juu yetu kila baada ya siku kumi na mbili ikitupa mawimbi ya rada. Mawimbi hayo hayajali mawingu. Yanagonga mapaa, kuta na nguzo, kisha yanarudi juu. Nikilinganisha yaliyorudi safari hii na yaliyorudi safari zilizopita, najua jengo lipi limeshuka na kwa kiasi gani, hata kama ni unene wa ukucha. Kompyuta inapaka rangi. Kijani ni ardhi iliyotulia, njano ni ya kuangaliwa, nyekundu ni inayoshuka kwa kasi.

Leo limetokea doa jekundu kwenye mtaa ulio nyuma ya visima vya jiji. Jiji linakua, vitongoji vipya vinataka maji, na pampu za pale hazizimwi mchana wala usiku. Maji yakivutwa sana, udongo wa chini unajibana kama sponji iliyokamuliwa. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kuona, katikati kabisa ya doa, ghorofa anamokaa dada. Nimelijua kwa umbo la paa lake kabla sijasoma anwani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea Mkuu. Ndiye aliyenifundisha kusoma picha hizi, na mpaka leo hakuna mtu ninayemwamini zaidi kazini. Ameitazama muda mrefu, miwani juu ya paji la uso.

"Mvua imeanza," amesema. "Unyevu hewani unachelewesha mawimbi. Inaweza kuwa hewa, isiwe ardhi."

"Mkuu, nimeshaondoa athari ya hewa."

"Umeondoa unayoijua. Tusubiri picha mbili zaidi."

Nikamwambia kuna watu mle. Akavua miwani kabisa. Akanisimulia kwamba zamani, kabla sijaajiriwa, aliwahi kuhamisha mtaa mzima kwa ajili ya doa kama hili. Watu wakalala kwenye mahema, wezi wakasafisha nyumba zao, mzee mmoja akapata nimonia akafa. Ardhi haikusogea hata kidogo. "Mwanawe alinifuata mpaka mlango huu," amesema. "Akaniuliza baba yake kafa kwa ajili ya rangi gani."

Nimemwelewa. Nimetoka nimemwelewa kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda kwa dada nikijifanya nimekuja kusalimia. Mlango wa bafu haufungi tena, shemeji kaukata pembeni mara mbili na bado unasugua sakafu. Kuna ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha la sebuleni. Dada kaufunika kwa kalenda.

Nilimvuta chumbani nikamwambia. Akaniangalia kama naongea Kichina.

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini ungekuwa mimi, ungewaacha watoto hapa?"

"Na wengine je? Mama wa chini ana mapacha."

"Wengine wataambiwa na ofisi. Mimi siruhusiwi kusema. Nikisema nje, nimekwisha. Sema tu mnataka nyumba iliyo karibu na shule."

Alikaa kitandani akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mwishowe akasema, "Sawa." Nilimwapisha kwa jina la mama yetu. Wakati natoka, mama wa mapacha aliniomba nimshikie mmoja afunge mlango wake. Mlango wake nao ulikuwa unasugua. Nikamshika mtoto, nikamrudisha, nikaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 17 Machi

Picha ya pili. Doa limekuwa kubwa na wekundu wake umeiva. Mkuu ameandika taarifa kwenda makao makuu. Nimeisoma. Maneno "huenda" na "yawezekana" yamejaa kila mstari. Nilimwambia inasomeka kama barua ya kuomba radhi. Hakucheka.

Jumamosi, 22 Machi

Dada amehama. Majirani wote walitoka kusaidia, na hilo ndilo lililonimaliza. Walibeba kabati, walibeba friji wakipeana maelekezo kwenye ngazi, "kulia, kulia, shusha, we vipi, unataka kuniponda vidole?" Wakicheka. Mama wa mapacha aliwapa watoto wa dada biskuti za njiani kana kwamba wanasafiri mbali.

"Mnatukimbia," alisema kwa utani.

Dada akajibu, "Shule, mwenzangu. Shule." Akageukia ukuta. Wakadhani ni majonzi ya kuachana.

Mimi nilibeba beseni la vyombo nikishuka ngazi macho chini.

Jumapili, 23 Machi

Dada hakupokea simu yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Dada alipiga: amesahau mapazia ya sebuleni, nimpitie, yeye hawezi kurudi pale. Nikajua kwa nini hawezi.

Nilikuta mlango uko wazi na cherehani inanguruma ndani. Nyumba imeshapata wapangaji. Ni fundi nguo, kijana mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, na mkewe mwenye ujauzito mkubwa, na mama yake fundi, ambaye alikuwa amekaa dirishani anachambua vifungo kwenye sinia.

"Wewe ndiye mdogo wake mpangaji wa zamani!" fundi alisema. "Karibu, karibu ndani. Mfikishie dada salamu zetu. Tumetafuta nyumba yenye mwanga namna hii mpaka tukakata tamaa. Kama si yeye kuhama, mke wangu angejifungulia kwenye kile chumba chetu kimoja."

Mapazia yalikuwa yameshakunjwa vizuri, yamefungwa kwa uzi. Alikuwa ameona pindo limefumuka akalishona, bila kuombwa. Mama yake akasema, "Kaa kidogo, binti. Mbona umesimama kama mdai?" Nikakaa. Mkewe akanionyesha kona atakayoweka kitanda cha mtoto. Ni kona ileile ya ufa; wameushindilia gazeti.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Nikaona uso wa Mkuu, nikaona barua ya kufukuzwa, nikasikia dada akisema "na wengine je?" Kilichotoka ni: "Hongereni kwa nyumba."

Nimetembea mpaka kituoni nimekumbatia mapazia. Naandika haya na sijui mtu anajiitaje akishafanya jambo kama hili. Familia yangu nimeitoa, na nafasi iliyobaki nimeijaza watu.

Jumatatu, 31 Machi

Picha ya tatu ilifika Alhamisi, na nimeimaliza leo. Sihitaji kueleza rangi yake.

"Ulisema picha mbili zaidi," nilimwambia Mkuu. "Ndizo hizi."

"Taarifa iko juu. Wakijibu, tunaingia."

"Wasipojibu?"

"Wanajibu." Kisha, bila kuniangalia: "Ukitoa neno nje ya ofisi hii, sitaweza kukukinga."

Nilisema sawa. Zamani nilidhani kimya chake ni busara. Sasa nakiona ni woga, na ninakijua kwa sababu kinafanana na changu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kupima mtaani na mpimaji wetu tunayemwita Rula, kwa urefu wake na kwa jinsi anavyosimama wima. Rula hanyamazi. Njia nzima alikuwa akinisimulia jinsi mama mkwe wake anavyomchungulia sufuriani. Akasimika darubini yake, akapima alama iliyo kwenye msingi wa ghorofa, akapima tena, akafuta kioo akapima mara ya tatu. Utani ukaisha.

"Hili jengo linashuka nyuma kuliko mbele," alisema. Halafu: "Si ndipo anapokaa dada yako?"

"Amehama."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Akakunja miguu ya darubini, mmoja baada ya mwingine. "Ahaa," alisema. Tulirudi ofisini hajasema neno jingine. Heri angenitukana.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Dada alinialika chakula nikasema naumwa. Kweli naumwa, ila si mwili.

Jumatano, 9 Aprili

Nikiacha kuandika leo nitaanza kujitungia uongo.

Picha ya jana nimeimaliza saa nne asubuhi. Kasi imeongezeka zaidi ya mara mbili, na sehemu ya nyuma ya ghorofa haionekani tena kwenye picha. Hiyo hutokea kitu kinaposogea sana hata mawimbi yanashindwa kukitambua. Nilikimbilia kwa Mkuu. Hayupo, yuko mkutanoni makao makuu. Simu yake inaita tu.

Rula alikuwa anakula. Nilimwekea picha mbele ya sahani.

"Naenda kuwatoa," nilisema.

Akajifuta mikono. "Wakitufukuza nitauza mayai," alisema. "Tangulia, nachukua kipaza sauti."

Tulianzia chini. Mama wa mapacha hakubishana. Aliangalia kitambulisho changu, akaangalia mlango wake, akaanza kuwafunga watoto kwa kanga. Wengine walibisha. Dereva mmoja mstaafu wa ghorofa ya juu alisema serikali inataka kiwanja. Rula alimwekea mpira wa mtoto wa jirani sakafuni sebuleni kwake. Mpira ukabingirika wenyewe mpaka ukutani. Mzee akaenda kuchukua koti.

Kwa fundi nilipanda peke yangu. Cherehani ilikuwa inakwenda. Nilisema kama nilivyowaambia wengine, kwamba ardhi inashuka, mtoke sasa hivi, chukueni dawa na vyeti tu. Cherehani ikanyamaza.

"Jambo hili mmelijua lini?" aliuliza fundi.

Ningeweza kusema jana. Asingejua kamwe.

"Mwanzoni mwa mwezi wa tatu."

"Sisi tumeingia mwishoni mwa mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Dada yako alihama kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mkewe alikaa chini polepole, mkono tumboni. Fundi alikuwa bado ameshika kitambaa. "Na siku ile," alisema, "ulikaa kwenye kiti kile. Mke wangu akakuonyesha kitanda cha mtoto kitakapokaa."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Akageuka tu akasema, "Mama, vaa viatu."

Ngazi zilikuwa zimejaa watu, magodoro, watoto, maji ya mvua. Fundi alitangulia na mkewe, mimi nikamshika mama yake mkono. Alikuwa mzito wa magoti, anashuka ngazi moja na kupumzika. "Usinivute, binti," aliniambia, "mimi si toroli." Tulikuwa tumebakiza ngazi za mwisho za kufika chini. Kwanza nikasikia sauti kama gunia la kokoto linaburutwa ndani ya ukuta. Kisha kipande cha ngazi tulichokanyaga kikaachana na ukuta. Mimi nilishika chuma cha pembeni. Yeye hakuwa na cha kushika isipokuwa mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa umelowa.

Alianguka na zege likamfunika miguu. Fundi na Rula walilisukuma kwa nondo huku vumbi linatupofusha, yeye akiita jina la mwanawe tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mtoto. Walimtoa. Tulipofika upande wa pili wa barabara, nyuma ya ghorofa ilizama kwa kishindo na jengo zima likalala nyuma, madirisha yakipasuka moja moja. Tukahesabiana. Wote tulikuwa nje.

Mkuu alifika baadaye. Alisimama kwenye mvua bila mwavuli, miwani imejaa maji, hafuti.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama wa fundi amekatwa mguu, chini kidogo ya goti. Mguu wa kulia.

Jumapili, 13 Aprili

Nilikwenda hospitali. Fundi alikuwa mlangoni, akanipisha bila salamu.

Mama yake alikuwa ameegemea mto. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakayeyuka. Nilisema, "Mama, nilijua nikanyamaza. Nisamehe."

"Siku ile ya mapazia," alisema, "ungemnong'oneza mwanangu tu. Hata mlangoni, wakati unatoka. Yeye si mtu wa kutangaza mambo."

"Niliogopa kazi yangu."

"Nami nilikuwa na kazi. Nilikuwa namsaidia kushona vifungo, naye mguu wake mmoja mbovu tangu utoto, mimi ndiye nilikuwa nakanyaga cherehani akichoka." Akafunga macho. "Msamaha uuombe tena siku nyingine. Leo naumwa."

Jumatatu, 21 Aprili

Mkewe fundi amejifungua binti. Rula ndiye aliyeniambia. Sikustahili kujua wala kufurahi, lakini nilifurahi.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kamati ya uchunguzi, ukumbi umejaa wakazi. Usiku kucha nilijiandaa kwa Mkuu kunitupia mzigo. Nilimkosea. Alisimama akasema picha ya kwanza aliiona tarehe sita Machi. Akasema mtaalamu wake alimuonya zaidi ya mara moja, naye akachelewesha kwa sababu aliogopa kukosea tena. "Aliyewatoa mle ndani alivunja amri yangu," alisema. "Kama angenitii, leo tungekuwa tunazika."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mama wa mapacha alisimama akanielekezea mikono. Mwenyekiti akanitazama akitabasamu, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Fundi alikuwa safu ya tatu, mikono mapajani. Hakupiga makofi, lakini hakuinuka kunifichua pia. Alinitazama tu. Alikuwa ameniachia niseme mwenyewe.

Nikashika kipaza sauti. "Tarehe nane Machi nilimwambia dada yangu ahame," nilisema. "Nikamwapisha asimwambie mtu. Mlipombebea vyombo, mimi nilijua. Familia ya fundi ilipoingia kwenye nyumba ileile, nilikaa nao nikawapongeza. Wote mngekuwa mmetoka kwa miguu yenu, mchana, mwezi mzima kabla. Mama yake angekuwa na miguu yote miwili."

Makofi yalikatika kama bomba lililofungwa. Mama wa mapacha alikaa. Mtu nyuma akasema neno ambalo sitaliandika, na lilinistahili.

Ijumaa, 25 Aprili

Dada alipiga.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nilitaja kosa langu."

"Kosa lako lina jina langu ndani. Watoto wameulizwa shuleni. Ungeniambia kabla, ningekuja kusimama nawe. Unadhani mimi nilikuwa nalala? Kila nikiosha chombo nilikuwa nawaza wale mapacha." Alilia. "Uliamua peke yako ninyamaze. Na siku ya kusema, umeamua peke yako tena."

Nilimfanya mwenzangu katika uovu bila kumuuliza, nikamwacha nje ya toba. Alikata simu.

Ijumaa, 2 Mei

Uamuzi umetoka. Mkuu amestaafishwa. Mimi nimepewa onyo kali na nimenyimwa cheo nilichotarajia. Pampu za visima zitazimwa nusu, na ramani ya jiji zima itawekwa hadharani baada ya kila picha. Wanatafuta mtu wa kukaa nje na kuwaeleza wakazi rangi zake. Hakuna aliyetaka. Nimejiandikisha.

Mkuu alikuja kuchukua vitu vyake. Tulipeana mikono. "Mkono wako una baridi," alisema. "Wangu pia, tangu zamani."

Jumapili, 11 Mei

Nilirudi kwa mama wa fundi. Wamepanga vyumba viwili vya chini, upande wa kijani. Nilimwomba tena. Alisema bado. Akaniambia nimshikie mtoto wakati anajisogeza kitini. Nilimshika mpaka mikono ikafa ganzi.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Asubuhi tulibandika ramani kwenye ukuta wa nje wa ofisi, nami nikawekwa kwenye meza chini yake. Nilikuwa nimeimaliza jana jioni peke yangu. Nyumba mpya ya dada, ile ya karibu na shule, imeingia kwenye njano. Jana hiyo simu ilikuwa mkononi, nimpigie. Niliiweka chini. Kisha nikaichukua, nikaiweka chini tena, nikaenda nyumbani.

Leo kabla ya saa tatu foleni ilikuwa imezunguka kona. Kila mtu ana swali lilelile: yangu iko wapi? Nawaonyesha kwa kalamu, nawaambia rangi na maana yake. Wengine wanaondoka wanaimba, wengine wanakaa kwenye ukingo wa barabara.

Niliinua macho nikamwona dada, nyuma kabisa, na mtoto wake mdogo mkononi. Hatujaongea tangu ile simu. Mtoto alinipungia. Rula, aliyekuwa anapanga watu, alininong'oneza, "Nimlete mbele?"

"Hapana," nilisema. "Waliomtangulia wamekuja mapema."

Jua lilitoka, wakavua makoti. Alisimama saa nzima na zaidi. Alipofika mezani alitaja mtaa wake na nyumba yake kama mtu yeyote, na mimi nikamwonyesha.

"Njano," nilimwambia. "Maana yake inaweza kushuka. Wapimaji watakuja wiki ijayo, kwako na kwa majirani wote. Ukiona ufa, usiufunike. Njoo useme."

"Majirani wanajua?"

"Wanajua sasa hivi, pamoja nawe."

Aliitazama ramani muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakutabasamu. Akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, wa mtaa uleule, akamwekea kidole kwenye ramani na kumwonyesha nyumba yake ilipo. Kisha akampakata mtoto, akapisha.

"Anayefuata," nikasema.